Roze Tatu kwenye Tao Moja: Kutafuta Chanzo cha Maputo ya Pasteli Yasiyolingana Rangi

"Yaya, hii roze iko ngapi?"

Aliyeniuliza, akiniita yaya yaani dada, alikuwa mama wa mtoto wa ubatizo, amesimama mlangoni mwa ukumbi huko Kampemba, Lubumbashi, nusu saa kabla ya wageni kufika. Mimi nilikuwa nimelifanyia kazi tao lile tangu asubuhi, pua yangu ikiwa karibu kuyagusa maputo, na nilikuwa naona roze (pinki) moja tu. Nilipokwenda kusimama pale aliposimama yeye, nikaziona tatu. Moja ilikuwa roze ya unga tuliyokubaliana, moja ilielekea kwenye pichi, na ya tatu ilikuwa imepauka hadi kukaribia nyeupe.

Pakiti zote nilizinunua siku moja, depo (duka la jumla) moja, zikiwa na jina moja la rangi kwenye etiketi. Basi mkosaji wangu nilikuwa naye tayari kichwani, na Jumatatu nikamwendea na mfuko wa maputo yaliyokwisha kulegea. Alichonijibu nitakieleza mwishoni. Hapa kwanza naweka mambo ambayo ningepaswa kuyapima kabla ya kufunga ile safari, kwa mpangilio ninaoufuata sasa kila maputo (au baloni, kama wengi tunavyosema hapa Lubumbashi) yanaponigombanisha na mteja.

Kwa nini pasteli ndizo zinazosumbua

Puto la mpira wa asili hupata rangi yake ndani ya utomvu wenyewe, kabla halijawa puto. Kiwandani vidole vya chuma au kauri huchovywa kwanza kwenye dawa ya kugandisha, kisha kwenye birika la utomvu uliochanganywa na rangi. Kwa nyekundu kali, rangi ni nyingi. Kwa pasteli, sehemu kubwa ya rangi ni unga mweupe wa titani dioksidi, na roze yenyewe ni chembe tu. Ukizidisha chumvi kwenye sufuria kubwa ya sombe (kisamvu) huenda asijue mtu, lakini ukiizidisha kwenye uji wa mtoto, mtoto mwenyewe atakwambia. Kosa dogo ambalo nyekundu ingelimeza, roze ya unga inalitangaza.

Ndiyo maana nasema puto lisilopulizwa bado halina rangi. Ulilonalo mkononi ni mpira mnene uliokunjamana, nao huonekana umekolea kuliko utakavyokuwa. Mtu anayelinganisha maputo matupu juu ya meza ya depo anapoteza muda wake na wa muuzaji.

Dalili: pakiti ni moja, loti (mchanganyiko wa kiwandani) ni moja, lakini yanatofautiana

Hapa mshukiwa wa kwanza ni wewe, au kijana anayekusaidia kupuliza.

Puto likikua, mpira ule ule unatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, kwa hiyo unakuwa mwembamba na mwanga unapenya. Chukua puto la inchi 12. Mmoja akilipuliza hadi sentimita 25, mwingine akafika 28, la pili ngozi yake ni nyembamba kwa karibu moja ya tano. Ukilifikisha kwenye ukubwa wake wote, sentimita 30 na nusu, umepunguza unene kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na lile la 25. Hakuna aliyegusa rangi, lakini machoni una roze mbili.

Dawa yake ni boksi la kadibodi. Kata tundu la duara lenye upana wa sentimita 28, na kila puto lipite humo: likikwama punguza hewa, likipwaya ongeza. Wako wanaopima kwa kukumbatia. Nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipogundua kwamba mikono yangu ya saa mbili za kwanza na ile ya saa ya nne si mikono ya mtu mmoja.

Wenye pompa ya umeme inayohesabu sekunde wasijione wamepona. Saa ya pompa hupima muda. Hewa iliyoingia haiijui. Jioni umeme unaposhuka nguvu, taa zikawa kama mishumaa, mota inazunguka polepole, na sekunde zile zile tatu zinaleta puto dogo zaidi. Tao lililopulizwa nusu mchana kwa umeme mzuri na nusu jioni kwa umeme uliochoka litakuwa na rangi mbili, na utaapa kwamba pakiti zilichanganywa. Hata ukiwa na pompa ya aina hiyo, boksi libaki karibu.

Kuhusu maputo madogo ya inchi 5 ya kujazia mapengo, usitarajie yafanane kabisa na makubwa, hata kama namba ya rangi ni moja. Ukiyapuliza kidogo tu yanabaki yamekolea. Puto la inchi 5 lililoishia inchi 4 lina ngozi nene mara moja na nusu kuliko lililofika mwisho. Yasukume karibu na ukubwa wake, nayo yatasogea kuelekea wenzake.

Jambo jingine dogo: linganisha tumboni. Karibu na shingo na kwenye ncha ya juu mpira huwa mnene zaidi, kwa hiyo pale rangi daima imekolea, na haikwambii kitu.

Dalili: depo yalikuwa sawa, ukumbini hayafanani

Rangi mbili zinaweza kukubaliana chini ya taa moja na kukataana chini ya nyingine. Hutokea pale ambapo viwanda viwili vimefika kwenye roze ile ile kwa mchanganyiko tofauti, mmoja kwa nyekundu iliyopunguzwa, mwingine kwa nyekundu iliyotiwa chembe ya manjano. Taa ya depo haina mwanga wa aina inayoonyesha tofauti, lakini ile ya ukumbi inayo. Au kinyume chake.

Kwa hiyo toka nje na maputo mawili yaliyopulizwa sawa. Katikati ya asubuhi, kivulini penye uwazi, weka karatasi nyeupe nyuma yake. Usisimame karibu na ukuta wa matofali mekundu, na katika mji huu hiyo si kazi rahisi, maana ukuta huo unarudisha wekundu wake juu ya kila kitu cheupe na cha pasteli. Kitenge cha rangi ya chungwa ulichovaa hufanya vivyo hivyo ukiliinamia puto. Kisha rudi hatua nne au tano nyuma. Mgeni hatazami tao kwa sentimita 20, na jicho lililolikaribia puto muda mrefu limekwisha kuzoea. Kama una msaidizi ambaye hajui lipi limetoka pakiti ipi, muulize yeye.

Ukishajua hali ya kivulini, nenda ukayaone ukumbini taa zikiwa zimewashwa, usiku. Ni safari ya ziada, najua. Lakini taa za manjano huigeuza lila (zambarau hafifu) kuwa kijivu na mnanaa kuwa kijani cha majani makavu, na ni heri mteja alione hilo kwenye maputo mawili kuliko kwenye mia tatu.

Simu usiipe kazi hii. Kamera inasahihisha weupe yenyewe kila inapofunguliwa, na picha mbili za puto lile lile zinaweza kutoka na rangi mbili. Mteja anayekutumia picha ya tao zuri aliyoiona mtandaoni amekutumia picha iliyopitia taa za mwenyewe, kamera yake, marekebisho yake, halafu kioo cha simu yako. Muombe kitu cha kushika: kipande cha kitambaa cha sare, utepe, kadi ya mwaliko. Ukilazimika kumtumia mtu picha, weka karatasi nyeupe ndani ya picha hiyo hiyo pamoja na maputo yote unayolinganisha. Hapo angalau tofauti iliyo kati yao itasafiri salama, hata kama rangi zenyewe zitapotoka njiani.

Dalili: uliagiza pasteli, yakaja yamekolea

Hili si kosa la kiwanda mara nyingi. Ni neno. Gemar ya Italia na Belbal ya Ubelgiji hutumia neno pasteli kwa rangi zao za kawaida zisizopitisha mwanga, hata nyekundu inayowaka. Rangi zile laini tunazozitaka sisi, viwanda vingi huziita makaroni, kwa jina la vile vibiskuti vya Kifaransa. Sempertex ya Kolombia ina mkusanyo wake wa pasteli zisizong'aa. Mtu akiandika kwenye ujumbe "katoni mbili pasteli roze" bila namba, amemwachia muuzaji achague maana.

Agiza kwa namba ya rangi na jina la kiwanda. Na usichanganye viwanda viwili kwenye tao moja kwa sababu tu majina yanafanana. Pichi ya mmoja ni krimu ya mwingine.

Dalili: katoni ni moja, pakiti zinapingana

Sasa ndipo tunapomkaribia muuzaji.

Titani dioksidi ni nzito, uzito wake kwa ujazo ule ule ni karibu mara nne ya ule wa maji, na utomvu unakaribiana na maji. Birika lisipokorogwa vizuri, weupe unatafuta chini. Maputo ya mwanzo wa zamu na ya mwisho wa zamu yanaweza kutofautiana, na birika la wiki ijayo ni mchanganyiko mwingine kabisa uliopimwa na mkono mwingine. Kiwanda makini huandika namba ya loti. Pakiti zenye loti moja zimetoka kwenye mchanganyiko mmoja, au karibu na hapo. Mafundi cherehani wanaijua hesabu hii: kitenge cha sare ya arusi hukatwa kwenye balo moja, na shangazi aliyechelewa kulipa akanunuliwa kipande mwezi uliofuata huonekana kwenye picha zote.

Depo, fanya hivi. Soma loti kwenye kila pakiti, si kwenye katoni tu, kwa sababu katoni inaweza kuwa imefunguliwa na kujazwa tena. Chomoa pakiti tatu: ya juu, ya katikati, ya chini. Toa maputo mawili kila moja, yapulize kwa boksi lako, yaandike kwa kalamu karibu na shingo yalikotoka, yatoe nje. Wauzaji wengi wa jumla hawapendi kufunguliwa pakiti, na wana haki yao. Mimi hulipia ile niliyofungua kabla ya kuifungua, iwe nimenunua au sikununua katoni. Gharama ya pakiti tatu ni ndogo kuliko ya kuvunja tao.

Kama etiketi haipo, pakiti ni mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mkono, ujue yalikuja kwenye gunia na kugawanywa hapa mjini. Huenda ni mazuri. Lakini loti hapo haijulikani, na mimi kwa pasteli siyanunui. Kwa nyekundu na buluu ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, sawa.

Halafu kuna mizani ya jikoni, na hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote. Maputo ya inchi 12 yanayoagizwa kwa jumla huuzwa pia kwa uzito: kuna ya gramu 2.8, kuna ya gramu 3.2. Kwa jicho na kwa mkono, yakiwa matupu, ni ndugu. Pakiti ya maputo 100 ya aina ya kwanza itakaribia gramu 280 bila mfuko, ya pili gramu 320. Yale mepesi yana mpira pungufu kwa moja ya nane, kwa hiyo yakifika sentimita 28 ngozi ni nyembamba zaidi na rangi imepauka zaidi, hata kama utomvu ulikuwa wa birika moja. Pima pakiti mbili. Zikitofautiana gramu 30 au 40, umepata jibu lako bila kupuliza hata puto moja. Mwagizaji aliyebadilisha uzito ili kuokoa senti chache mara nyingi hamwambii muuzaji, na muuzaji anakuapia kwa dhati kwamba ni mzigo ule ule.

Ukishakuwa nayo nyumbani, loti mbili, na sherehe ni kesho? Kuna njia tatu. Ya kwanza, changanya maputo yote kwenye neti moja kubwa kabla ya kufunga, ili tofauti itawanyike. Jicho hukamata mstari pale loti moja inapoishia na nyingine kuanza, lakini hulisamehe tao lililochanganyika kote. Ya pili, tenganisha kwa makusudi: iliyokolea chini, iliyopauka juu, na uiite mtindo. Ya tatu ni kuvalisha, yaani kuingiza puto jeupe ndani ya lile la roze kwa mpini mwembamba usio na ncha, kisha kuyapuliza pamoja. Weupe wa ndani unazuia mwanga kupenya, na tofauti ya unene inapungua sana. Inakula maputo mara mbili na vidole mara tatu, lakini ndiyo iliyoniokoa zaidi ya mara moja.

Na kila unaponunua, ongeza pakiti moja ya loti hiyo hiyo. Ikibaki, itatumika. Ukirudi wiki ijayo kutafuta "ile ile", utakuta imekwisha.

Dalili: asubuhi yalikuwa sawa, jioni upande mmoja umefifia

Tao la nje, mwezi wa kumi, jakaranda zimechanua na mvua haijaja. Oksijeni, joto na jua vinaanza kuula mpira mara tu unaponyoshwa. Ngozi inapoteza mng'ao, inakuwa kama mahameli, kama imevutwa ukungu wa maziwa. Upande unaotazama jua unatangulia. Ni uozo wa kawaida wa mpira wa asili na hauna uhusiano na loti.

Namna ya kuutambua: geuza puto. Kama upande uliokuwa kivulini bado una rangi ya asubuhi, ni jua. Kama puto zima limefifia sawasawa na lililo ndani ya ukumbi halijafifia, ni hewa na joto la nje. Huwezi kurudisha rangi hiyo. Unaweza kuchelewesha, yaani kupuliza karibu na saa ya sherehe, kusimamisha tao upande wenye kivuli cha mchana, na kutumia ile dawa ya kung'arisha kwa wanaoweza kuipata. Pasteli zisizong'aa huficha jambo hili vizuri kuliko zile zinazong'aa kama kioo, kwa sababu hakuna mng'ao wa kupotea.

Usiniulize kuhusu tao la roze lililowekwa juani tangu saa za misa ya kwanza kwa sherehe ya jioni. Nimeshalifanya.

Dalili: nyeupe imekuwa krimu, roze imekuwa pichi

Ukiona rangi zote laini za mzigo mmoja zimesogea kuelekea manjano, mpira umezeeka. Mpira wa asili wenyewe una umanjano, na kadiri unavyokaa kwenye joto umanjano huo unakolea, na pasteli haina rangi ya kutosha kuufunika. Hii ilikuwa siri ya ile roze yangu ya pili.

Fikiria njia ya katoni hadi kwetu. Meli hadi Dar es Salaam au Durban, kisha lori kuvuka Zambia, kisha foleni ya mpakani Kasumbalesa ambayo inaweza kula siku nyingi chini ya jua, ndani ya sanduku la chuma. Baada ya hapo kuna ghala lenye bati bila dari. Katoni iliyokaa juu kabisa ya rundo, karibu na bati, imepikwa kuliko iliyokaa sakafuni, ndiyo maana nasema uchomoe pakiti za juu na za chini.

Vipimo vya haraka: tafuta tarehe ya kutengenezwa. Vuta shingo ya puto tupu ukaiachie, nayo irudi kwa haraka bila kuacha mkunjo. Kama inanata, au mapasuko madogo yanaonekana ikinyoshwa, achana nayo. Pulizia puto jeupe la mzigo huo huo na uliweke kando ya karatasi. Nyeupe husema ukweli kabla ya rangi nyingine, kwa hiyo hata kama sinunui nyeupe huomba kuiona.

Nyumbani, weka maputo chumba cha chini na baridi, kwenye ndoo yenye kifuniko au mfuko mweusi uliofungwa, mbali na mota na jenereta. Yenye giza yasikae pamoja na ya pasteli, rangi huhamia kwa jirani.

Dalili: madoa ya kahawia

Hii ndiyo sehemu ambayo fundi wa mji mwingine huenda asiihitaji kabisa. Sisi tunaihitaji, kwa sababu mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na shaba haijawahi kutoka mikononi mwetu.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alitengeneza fremu ya tao kwa waya aliopata bure nyumbani, waya mzuri mwekundu aliouchomoa kwenye mota iliyoungua. Fremu ilikuwa imara, nikamsifu. Asubuhi ya pili, kila palipoguswa na waya pana doa la kahawia, na kwenye roze ya unga doa lilionekana kama sigara iliyozimwa. Tulidhani ni kutu. Shaba haina kutu ya namna hiyo.

Kinachotokea ni hiki. Ili mpira uive kiwandani hutiwa dawa za kuharakisha, na aina inayotumika sana kwenye utomvu ikikutana na shaba hutengeneza kitu cha rangi ya kahawia. Hapohapo shaba yenyewe huchochea mpira kuoza kwa oksijeni, hata ikiwa kidogo sana. Viwanda vya mpira huihesabu shaba kuwa sumu, pamoja na manganizi. Puto jeusi au la buluu litalificha doa. Pasteli haifichi.

Kwa hiyo dalili ikiwa madoa yenye umbo la kitu (mstari, duara, alama ya kidole), usitafute loti. Tafuta shaba. Waya wa umeme uliovuliwa plastiki. Chombo cha maua cha shaba nyeupe au nyekundu kilichowekewa maputo shingoni. Zile picha za shaba iliyofuliwa zinazoning'inia kwenye kumbi zetu nyingi. Funguo ndani ya mfuko wa maputo. Na mikono: fundi umeme aliyekuja kusaidia kufunga baada ya kukata nyaya mchana kutwa, anawe kwa sabuni kwanza. Doa halitoki kwa kusugua. Badilisha puto, badilisha waya, tumia wa chuma uliovikwa plastiki au kamba ya nailoni.

Mengine, kwa haraka

Unga mweupe juu ya puto ni ule wa kuzuia yasigandane, talki au wanga wa mahindi, yaani binamu wa bukari (ugali) yetu. Futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kusema rangi imepauka. Mistari na mawingu ndani ya ngozi, yanayobaki hata ukifuta, ni rangi isiyochanganyika vizuri, hiyo rudisha. Madoa yanayong'aa yenye mpaka laini ni mafuta: mafuta ya mwili, vazelini, mikono iliyotoka kwenye beignets (maandazi). Yatapasuka hapo.

Ukiwa na kesi, iendeshe hivi

Chukua puto moja zuri na moja lenye shida, yote mapya, yakiwa yamepulizwa kwa boksi moja. Chukua etiketi za pakiti zote mbili, au picha zake zinazosomeka loti na tarehe. Chukua mizani kama kesi ni ya uzito. Usipeleke maputo ya sherehe iliyokwisha, yamelegea, yamefifia, hayathibitishi chochote isipokuwa kwamba sherehe ilikuwa nzuri.

Mimi nilipeleka hayo hayo yaliyolegea. Mwenye depo hakubisha. Aliyamwaga juu ya meza, akayatazama, akavuta pompa ya mkono kutoka chini ya kaunta na kunisukumia.

"Mama, puliza kwanza zote sawasawa, njo unigombeze."

Nikafungua pakiti zilizobaki, nikapuliza, nikiwa nimepima kwa kipande cha kamba alichonifungia yeye. Roze iliyokaribia nyeupe ikarudi kuwa roze ya unga pale pale mbele ya macho yangu, maana ilikuwa kazi ya mikono ya kijana wangu aliyependa maputo makubwa. Zikabaki mbili. Akazitoa nje mwenyewe, akazishika kivulini, akakaa kimya kidogo. Kisha akaingia ndani kusoma etiketi, na nilimsikia akimwita kijana wa ghala amwambie zile katoni za kule juu, chini ya bati, zimekaa pale tangu lini.

Alinibadilishia pakiti nne. Ile kamba ninayo bado, ndiyo niliyoitumia kuchora tundu la boksi langu la kwanza.